Mseto wa Desemba katika nyumba yenye watu: uchambuzi wa kisa kimoja cha Kisumu

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayeishi mtaa wa Migosi, Kisumu, alifikiwa na zamu ya kutengeneza mseto wa nyimbo za kufunga mwaka kwa ajili ya wenzake sita aliosoma nao chuoni. Desturi yao ni hii: kila Desemba mmoja wao hukusanya nyimbo zilizowashika mwaka huo, akaziunganisha ziwe faili moja, na kila mtu akaupata mseto kabla ya kufunga safari ya nyumbani. Wawili wako Kisumu, mmoja Siaya, mmoja Busia, mmoja Kakamega na mmoja Nakuru.

Nyumbani kwake kuna mume, binti wa miaka 15, mvulana wa miaka 9 na kitinda mimba wa miaka miwili. Shule zikishafungwa, mama mkwe huja kutoka upande wa Kakamega, akakaa nao hadi familia nzima itakapomsindikiza kwao kwa Krismasi. Vyumba vya kulala ni viwili na paa ni la mabati. Vifaa ni laptopu ya zamani ambayo betri yake haishiki chaji, programu ya bure ya kuhariri sauti iitwayo Audacity, na vipokea sauti vya masikioni vilivyokuja na simu.

Toleo la kwanza lilikuwa na nyimbo 41 na lilikwenda saa mbili na dakika 50. Wenzake wawili wa Kisumu walilijaribu kwenye magari yao. Wimbo mmoja wa zamani ulisikika upande wa kushoto tu. Benga moja ilififia ikanyamaza kabla gita la solo halijapanda. Sauti ilikuwa ikiruka na kushuka kiasi kwamba mkono wa dereva haukutoka kwenye kitufe cha redio. Besi ilitetemesha milango. Gari la pili halikuisoma flashi kabisa.

Ukiziangalia hitilafu hizo, uteuzi wa nyimbo haumo. Mwalimu ana sikio zuri. Kilichomwangusha ni kwamba kazi zote alizifanya saa ile ile na kwa namna ile ile: usiku, amechoka, sauti imeshushwa ili watoto wasiamke. Nyumba yenye watoto na mgeni haikosi muda wa kutengeneza mseto. Inakosa kimya, na kimya hakihitajiki kwa kila hatua.

Kazi tatu, masikio matatu

Kutengeneza mseto kuna kazi za macho, kazi zinazoweza kufanywa kukiwa na kelele, na kazi chache ambazo kweli hudai kimya. Akizitenganisha, mama wa watoto watatu anaweza kumaliza mseto mzuri kwa vipindi vya dakika 20 bila kumnyima mtu usingizi.

Kazi za macho ni kuandika majina ya faili vizuri, kupanga folda, kuangalia urefu wa kila wimbo na kupanga mfuatano kwenye karatasi. Hizi hufanywa kwenye foleni ya kliniki, ndani ya matatu, au mezani watoto wakichora. Zinaonekana ndogo, lakini zikibaki za usiku ndizo zinazomaliza nguvu kabla kazi yenyewe haijaanza.

Kuteua nyimbo ni kazi ya jikoni. Hapa kelele inasaidia. Chukua nyimbo zote unazofikiria, ziweke kwenye simu, uzicheze kwa spika ya simu unapopika. Wimbo unaomfanya binti aimbe bila kujua, au unaomfanya mama mkwe aulize huyu ni nani anayeimba, umejitetea wenyewe mbele ya mlio wa mafuta na kilio cha mtoto. Wimbo unaohitaji utulivu ndipo uonekane mtamu usiutupe, ila ujue hautafaa barabarani. Mpe rafiki mmoja peke yake. Katika kisa hiki nyimbo 41 zilishuka hadi 17 kwa jaribio hilo, na jumla ikawa dakika 72.

Urefu huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Kutoka Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50, kupitia Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali, na msongamano wa Desemba huirefusha ile saa moja ya kawaida. Mseto unaoisha karibu na unakoenda husikilizwa mara ya pili siku ya kurudi. Ule wa saa tatu hukatwa njiani na hakuna anayekumbuka aliachia wapi.

Kwa binti zilitengwa nafasi tatu azijaze apendavyo, kwa sharti moja: asome maneno ya wimbo wote kwanza. Nyimbo nyingi za gengetone na za sheng zina mistari ambayo mtoto huizoea bila kuisikia, mpaka siku inapopigwa ndani ya gari kukhu, yaani bibi yake, akiwa kiti cha mbele. Mbili kati ya chaguo zake ziliwafaa marafiki lakini hazikumfaa mama mkwe. Suluhisho ni kuziweka mbili hizo mwisho kabisa wa mseto, baada ya wimbo unaoweza kufunga vizuri wenyewe. Toleo la familia linatolewa kwa kuishia pale, la marafiki linaendelea. Ukiziweka katikati ukategemea kuzinyamazisha, utabakiwa na shimo la dakika nane ambalo lazima ulizibe, na viungo viwili vya kutengeneza upya.

Mvulana wa miaka 9 alipewa kuhesabu mdundo. Anashika saa, anahesabu mapigo kwa sekunde 15, anazidisha kwa nne. Mapigo 28 ni 112 kwa dakika, na hapo ndipo amapiano nyingi hukaa. Programu kama Mixxx, nayo ni ya bure, huhesabu yenyewe, lakini mara nyingi husoma maradufu au nusu: wimbo wa 75 ukaandikwa 150. Mtoto anayepiga goti kwa kidole ni nadra kukosea hivyo.

Benga iliyokatika

Hitilafu ya benga inastahili maelezo, kwa sababu huwapata wengi wanaopenda muziki wa Nyanza na hawaelewi imetoka wapi. Katika miaka ya 1960 na 1970 benga ilitolewa kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi zikirekodiwa Nairobi na nyingine kwa Chandarana kule Kericho. Upande mmoja wa santuri hiyo hubeba dakika chache tu, kama tatu hadi tano. Wimbo mrefu ulipasuliwa: sehemu ya kwanza upande wa A, ya pili upande wa B. Upande wa A una maimbo na visa, kisha unafifia. Upande wa B ndio mara nyingi unaobeba magita yakipandana, pale watu waliposimama kucheza. Nyimbo hizo zilipohamishiwa kwenye kompyuta, kila upande ulikuwa faili lake. Anayepakua sehemu ya kwanza pekee anapata hadithi bila ngoma.

Kuunganisha ni kazi ya dakika 15 ukiwa na pande zote mbili. Weka sehemu ya kwanza kwenye traki moja, ya pili kwenye traki iliyo chini yake. Tafuta mahali sauti ya kwanza inapoanza kushuka, urudi nyuma hadi mwanzo wa mzunguko wa gita, ukate hapo. Katika sehemu ya pili, ruka sekunde za mwanzo ambamo sauti inapanda, ukate kwenye mwanzo wa mzunguko ule ule wa gita. Sogeza vipande hadi mapigo yashikane, upishanishe kwa sekunde nusu tu. Ukipishanisha kwa sekunde tano, ngoma mbili zitagongana, kwa sababu kasi ya bendi hubadilika kidogo kadiri wimbo unavyochemka, na mashine za kuchezea santuri nazo hazizunguki sawasawa. Pande mbili zikitofautiana kwa toni, moja ikasikika juu kidogo, badilisha kasi ya moja kwa asilimia moja au mbili pamoja na toni yake. Zaidi ya hapo mwimbaji hugeuka mtu mwingine.

Rumba ina shida iliyo kinyume. Wimbo wa dakika 11 umekamilika, lakini unameza sehemu ya saba ya mseto. Anayekata rumba kwa haraka hukata mwisho, na mwisho ndiko iliko sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea. Kata katikati ya maimbo, ubeti unaojirudia ukipatikana, uache mwanzo na sebene yote. Ikiwa hakuna mahali pa kukata bila jeraha, wimbo ukae mzima, lakini usiwe wa pili kwenye mpangilio. Hapo ndipo toleo la kwanza lilipowapoteza wasikilizaji: rumba ya dakika 11 ilikuja kabla gari halijatoka mjini.

Ule wimbo wa upande wa kushoto ulikuwa wa gita la omutibo, mtindo wa Waluhya uliojulikana sana kwa mkono wa George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Muziki wa enzi hiyo ulirekodiwa kwa njia moja ya sauti. Waya mmoja ukilegea wakati wa kuuhamisha, faili linakuwa na njia mbili, moja ikiwa tupu. Kwenye spika moja ya simu hutagundua. Kwenye gari, abiria wa upande wa pili hasikii kitu. Katika Audacity tenganisha njia mbili, futa ile tupu, uifanye iliyobaki kuwa ya mono. Itasikika pande zote.

Ukubwa wa sauti

Hapa ndipo mseto wa nyumbani hushindwa mara nyingi kuliko popote. Nyimbo za leo hutolewa zikiwa na sauti kubwa sana, kwa kawaida kati ya -8 na -10 kwa kipimo cha LUFS, kinachopima ukubwa kama sikio linavyouhisi. Uhamisho wa santuri za zamani huwa -18, -20, hata chini zaidi. Kadiri namba hasi inavyokuwa kubwa ndivyo sauti inavyokuwa ndogo. Tofauti ya hatua kumi husikika kama sauti kuongezeka takriban mara mbili, na mtoto aliyelala kiti cha nyuma ataamka.

Mwalimu alijua Audacity ina kifaa cha kusawazisha, kilichoandikwa "Loudness Normalization" kwenye menyu. Alikitumia, lakini kwa makosa mawili yanayorudiwa kila mahali.

La kwanza: alikubali namba aliyoikuta. Kifaa hicho huja kikiwa kimewekwa -23, kiwango cha matangazo ya redio na televisheni za Ulaya. Muziki wa gari ukiwa -23, redio lazima ipandishwe hadi mwisho, na mtu akirudi kwenye stesheni ya FM masikio yanapigwa. Kwa mseto wa gari na wufa ya nyumbani, -16 ni namba ya busara. Ukienda -14, kama baadhi ya huduma za muziki za intaneti zinavyofanya, nyimbo za santuri zitapandishwa kupita dari na vilele vya ngoma vitapasuka.

La pili: alikuwa ameshaziunganisha nyimbo zote kwenye traki moja, akazichagua zote, kisha akasawazisha. Programu ikapima traki nzima kama wimbo mmoja wa saa mbili na dakika 50, ikaishusha yote kwa pamoja. Tofauti kati ya wimbo na wimbo ikabaki ile ile. Kila wimbo lazima usawazishwe peke yake, kwenye traki yake, kabla ya kuunganishwa na kitu chochote. Hata wimbo wenye pande mbili za santuri, sawazisha kila upande kwanza.

Baada ya hapo angalia vilele, yaani pale sauti inapofika juu kabisa. Audacity hufanya kazi kwa biti 32 ndani yake, kwa hiyo kilele kilichopita sifuri hakijaharibika bado. Kitaharibika wakati wa kutoa faili. Weka kizuizi cha vilele kwenye desibeli -1 mwishoni. Ukiona kizuizi kinafanya kazi muda wote kwenye wimbo mmoja, shusha wimbo huo desibeli mbili badala ya kuulazimisha.

Sababu ya besi kutetemesha milango ni ya mwili wa binadamu wala si ya kompyuta. Mwaka 1933 watafiti wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwa vipimo kwamba sauti ikiwa ndogo sikio hupoteza besi kwa kiasi kikubwa kuliko sauti za kati. Mama anayefanya kazi saa nne usiku kwa sauti ya kunong'ona anasikia muziki mkavu, anaongeza besi, anaridhika. Kesho yake ukipigwa kwa sauti ya kawaida, besi yote aliyoongeza inarudi na riba. Kanuni ni ngumu lakini inaokoa: usiku usiguse besi wala sauti kali. Usiku unaweza kukata, kusogeza na kuunganisha. Maamuzi ya besi yafanywe mchana, kwa sauti ya kuzungumza, hata kukiwa na kelele za nyumba. Kwa kweli mseto wa nyimbo zilizokwisha kutolewa hauhitaji besi zaidi kabisa. Ondoa tu kilicho chini ya hezi 30, ambacho spika nyingi za nyumbani hazikitoi vizuri, ila hula nguvu za wufa na kutikisa madirisha.

Barabarani nako, mngurumo wa magurudumu hufunika besi ya benga, hasa gari likipanda vilima vya Maragoli kwa gia ya chini. Usijaribu kulirekebisha hilo ndani ya faili. Faili lile lile litapigwa sebuleni, na sebule haina injini.

Viungo

Nyimbo 17 zina viungo 16. Anayeanza hudhani kila kiungo lazima kipishanishwe kama cha dijei wa klabu. Katika mseto unaotoka amapiano kwenda ohangla, kisha injili, kisha bongo fleva, hilo haliwezekani na halihitajiki. Katika kisa hiki viungo sita tu vilipishanishwa, pale nyimbo mbili zilipokuwa na mdundo unaotofautiana kwa mapigo yasiyozidi matatu au manne kwa dakika. Upishano ulikuwa sekunde nne hadi sita, na kila mara maimbo ya wimbo mmoja yalikuwa yamekwisha kabla ya maimbo ya mwingine kuanza. Sauti mbili za watu zikiimba pamoja kwa lugha mbili ni fujo, hata mdundo ukishikana.

Viungo vinane vilikuwa vya kukata tu: wimbo unaisha, kimya cha nusu sekunde, unaofuata unaingia kwa pigo lake la kwanza. Ili kukata huku kusikike kama kumekusudiwa, futa kimya kilichomo ndani ya faili lenyewe. Nyimbo nyingi hubeba sekunde mbili tatu tupu mwanzoni na nne au tano mwishoni. Ukiziacha, kila kiungo kinakuwa shimo la sekunde saba, na ndani ya gari watu hudhani flashi imekwama.

Viwili vilivyobaki vilikuwa vigumu: kutoka wimbo wa polepole wa injili hadi ohangla ya kasi, na kutoka bongo fleva hadi omutibo. Hapo mwalimu alitumia sauti za nyumba, na tunaona ndicho kitu kizuri kuliko vyote katika mseto wake.

Cha kwanza kilikuwa sekunde 12 za ngoma za isukuti alizorekodi kwa simu kwenye sherehe ya ukoo wa mumewe. Ngoma za Waisukha na Waidakho, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, zina nguvu ya kubeba msikilizaji kutoka kasi moja hadi nyingine bila kuulizwa. Ngoma peke yake haina toni inayogombana na wimbo.

Cha pili kilikuwa salamu ya mama mkwe. Jaribio la kwanza lilifanywa sebuleni na lilisikika kama mtu anayezungumza ndani ya tangi: kuta tupu, sakafu ya saruji, mvua ya alasiri ikianza kugonga mabati. La pili lilifanywa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chumbani, kati ya kitanda na nguo zinazoning'inia. Simu ilisimamishwa juu ya taulo iliyokunjwa, kama sentimita 20 kutoka mdomoni, imegeuzwa kidogo pembeni ili pumzi za "p" na "b" zisiipige moja kwa moja. Hali ya ndege iliwashwa ili simu isiite.

"Mama, sema tu unachowaambia kila mwaka wakifika," mwalimu alimwambia, akaanza kurekodi kabla hajajibu.

Hilo la mwisho ni ufundi. Mzee akiambiwa "sasa sema," hukaza sauti na kuhutubia. Akirekodiwa tangu kabla hajajiandaa, unapata dakika mbili za maongezi na ndani yake sekunde tisa za dhahabu. Sauti yake iliwekwa juu ya mwanzo wa gita la omutibo, na muziki ukashushwa desibeli 12 chini yake kwa kifaa cha "Auto Duck", ambacho huja kikiwa na kiwango hicho hicho. Muda wa muziki kushuka na kupanda tena uongezwe hadi sekunde nzima; ukiwa mfupi, muziki huhema kila anapovuta pumzi.

Stima, mtoto na nafasi kwenye diski

Dakika 72 za stereo ndani ya Audacity huchukua takriban GB 1.5, na kila tendo unaloweza kulitengua huongeza. Acha GB 5 au 6 wazi. Faili la kazi likae kwenye diski ya laptopu yenyewe, kamwe lisikae kwenye flashi: mtoto wa miaka miwili akiichomoa katikati ya kuhifadhi, kazi yote inaweza kuharibika. Stima ikipotea, Audacity hujaribu kurejesha kazi ukiifungua tena, na kwa kawaida hufaulu. Lakini laptopu isiyo na betri isiachwe bila kuhifadhi kwa zaidi ya dakika tano. Kila mwisho wa kipindi hifadhi kwa jina jipya, mseto-a, mseto-b, na kuendelea. Funga laptopu hata ukienda kuangalia sufuria tu.

Faili za nyimbo nazo zichunguzwe. Wimbo uliotumwa kwa WhatsApp unaweza kuwa faili la aina ya m4a au opus, na Audacity inaweza kuhitaji nyongeza ya FFmpeg ili kulifungua. Faili lililochotwa kwenye video na kuandikwa kilobiti 320 kwa sekunde halina ubora huo. Kilichopotea hakirudi kwa kukuza namba. Sikiliza kayamba na matoazi: yakisikika kama maji yanayochuruzika, tafuta nakala nyingine.

Na nakala nzuri ni ya kununua. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwenye wimbo haki ya kuamua nakala zinavyosambazwa, na kutouza hakukupi ruhusa. Njia safi ni kumpa kila rafiki orodha ya nyimbo kwa mpangilio wake kwenye huduma wanayoilipia, ambapo kila mchezo unahesabiwa kwa msanii. Spotify, kwa mfano, inaweza kupishanisha nyimbo kwa hadi sekunde 12. Utapoteza salamu ya mama mkwe, ambayo inaweza kutumwa peke yake kama ujumbe wa sauti, na nyimbo za santuri zisizopatikana huko. Faili zima usilipandishe kwenye YouTube kwa vyovyote. Mfumo wake wa kutambua nyimbo utalikamata.

Kutoa faili

Toa MP3 ya kilobiti 192 isiyobadilika. Dakika 72 zitakuwa kama MB 104. Kiwango kinachobadilika huokoa nafasi kidogo, lakini redio nyingi za gari za bei nafuu huonyesha muda usio sahihi na hukosea ukitaka kuruka mbele.

Gari lililokataa flashi halikuwa na ubovu. Flashi za GB 64 na zaidi kwa kawaida huja zikiwa za mfumo wa kupanga faili wa exFAT, na redio nyingi za magari husoma FAT32 tu. Nunua ya GB 8 au 16, iandae kwa FAT32, weka faili hilo pekee. Ukitaka nyimbo ziwe faili tofauti, zianze kwa 01, 02, 03, na uzinakili moja moja kwa mpangilio huo, kwa sababu baadhi ya redio hufuata mfuatano wa kunakiliwa bila kujali jina. Jua pia kwamba MP3 huongeza kimya kifupi mwanzoni na mwishoni mwa kila faili. Kiungo kilichopishanishwa kikigawanywa katika faili mbili, utasikia mkato.

Kwa WhatsApp, tuma kama hati, faili libaki lilivyo. Tuma mara moja kwenye kundi badala ya mtu mmoja mmoja. Bando itaenda MB 104 badala ya 520 kwa watu watano; wa Siaya atapata kwa njia nyingine.

Kabla ya kutuma, mwalimu aliujaribu mseto mara tatu: kwa spika ya simu jikoni, kwa wufa ya jirani, na ndani ya gari injini ikiwa imewashwa. Kila mahali alisikiliza sekunde 20 za kila kiungo tu, zote 16, jambo linalomalizika kwa dakika sita hivi. Kwenye gari aligundua kwamba wimbo mmoja wenye utangulizi wa piano wa sekunde 40 hausikiki kabisa mwanzoni. Akakata utangulizi ukabaki sekunde nane.

Rafiki wa Siaya hutumia kabambe, simu ndogo ya vitufe, yenye kadi ya kumbukumbu. Simu za aina hiyo haziaminiki kuruka mbele ndani ya faili refu, na nyingi zikipokea simu huanza wimbo upya. Kwake zilitolewa MP3 nne za kilobiti 128, jumla kama MB 69, zikigawanywa mahali penye viungo vya kukata pekee, kwenye kadi ya GB 4 iliyoandaliwa kwa FAT32. Zilipelekwa kwa matatu ndani ya bahasha, pamoja na karatasi ya majina ya nyimbo iliyoandikwa na mvulana kwa mkono, mapigo ya kila wimbo yakiwa pembeni.